Siku Byamungu Alipompisha Mkwewe Uwanjani

Vijana wangu, kila mkija hapa Biharwe kunisalimia swali lenu ni lile lile: Mwalimu, mchezaji wa timu ya taifa anachaguliwaje? Mnauliza kana kwamba kuna dawa nimeificha chini ya kitanda. Hakuna dawa. Kuna macho, kuna masikio, na kuna kugombana. Hasa kugombana. Nimekaa kwenye kamati za kuchagua wachezaji wa raga mpaka mgongo ukazoea viti vya plastiki, na sijawahi kuona orodha moja iliyotoka bila mtu kununa.

Leo mna simu zenu. Mnarekodi mchezo, mnaurudisha nyuma, mnausimamisha, mnatazama mguu wa mtu mpaka mnaujua kuliko mama yake. Vizuri, sikatai. Sisi tulikuwa na macho tuliyopewa na Mungu, na jua la Mbarara likituchoma usoni. Ukipiga chafya, bao limekupita. Lakini msije mkadhani simu inaona kila kitu. Kuna jambo nililiona uwanjani ambalo simu ingelirekodi vizuri kabisa na bado lisingeeleweka, na kidogo tu tungemkosa mchezaji bora niliyewahi kumfundisha. Nitafika huko. Mnajua nina tabia ya kuzunguka. Mke wangu, Mama Zawadi, anasema nikitumwa chumvi narudi na habari za msiba. Mnivumilie.

Raga sikuzaliwa nayo. Kwetu Kongo, kando ya Uvira, tulicheza mpira wa miguu tu, tena mara nyingi ballon, mpira wenyewe, ilikuwa matambara. Nilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 1996 na mke, mtoto mchanga na sufuria mbili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya muda nikapata kazi ya kufundisha watoto mjini Mbarara, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Huko ndiko nilikokutana na Afande Opio.

Opio alikuwa sajini wa mazoezi ya viungo, mtu wa kaskazini, mfupi, mpana, shingo hana. Kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja. Siku ya kwanza alinipa mpira wa raga nikaupiga teke kama nilivyozoea. Ulidunda mara moja, ukageuka, ukanirudia kwenye pua. Damu! Askari wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Opio hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, hii mpira bado hapana jua wewe. Wewe salimia yeye kwanza." Akanifanya nitembee nao mkononi jioni zote, nyumbani, sokoni, hata kanisani nikauweka chini ya benchi. Mchungaji aliniuliza kama ni boga.

Na siku nilipopewa filimbi kwa mara ya kwanza niliipuliza kila mtu aliposhika mpira kwa mkono. Mchezo mzima ni wa mkono! Wachezaji waliniacha nipulize, wakaendelea kucheza kama vile mimi ni ndege wa mtini.

Lakini Opio alinifundisha. Akaniambia, usimtazame mwenye mpira, kila mtu anamtazama huyo. Tazama yule ambaye mpira uko mbali naye, anafanya nini. Na mtu akiangushwa, tazama macho yake anapoinuka. Kama yanatafuta mpira, huyo wako. Kama yanatafuta sisi tuliokaa kwenye viti, mwache arudi kwa mama yake. Mpaka leo sina somo kubwa kuliko hilo, na mkilisahau msije kuniomba lingine.

Basi nikaanza kufundisha vijana wa Nakivale, siku za mapumziko, kwenye kiwanja cha kule Juru. Wengi walikuwa watoto wa wafugaji. Kumfundisha mtu wa mjini kukamata, yaani kumwangusha mwenye mpira, ni kazi ya miezi. Anakurukia shingoni kama anacheza dansi. Wale wangu walikuwa wameshaangusha ndama wa kuchomwa sindano tangu utotoni. Niliwaambia jambo moja tu: shavu lako likae nyuma ya paja lake, si mbele, maana mbele kuna goti, na goti halina huruma na meno. Basi. Walikuwa wanaangushana mpaka vumbi linaficha kiwanja.

Bora kuliko wote alikuwa Byamungu.

Byamungu alikuwa anafyatua matofali na kulima maharage. Kijana mtulivu, anaongea kama anayelipia kila neno. Kazi yake uwanjani ilikuwa ile ya pembeni mwa skramu. Skramu ni pale watu wanane wa kila upande wanaposhikana na kusukumana. Na mtu wa pembeni, mpira ukitoka tu, anajitoa haraka na kumwangusha aliyeuchukua. Byamungu aliangusha watu wakubwa kuliko yeye, halafu akawashika mkono, akawainua, akawapangusa majani mgongoni. Mchezaji mmoja wa Kampala aliniambia, "Mwalimu, yule mtu wako ananiua halafu ananiuguza."

Na mjini, upande wa timu ya Mbarara, alikuwepo Wilondja. Naye ni mtu wetu wa Kivu, tulitoka naye Nakivale, ila yeye alikuwa amepata kazi Bwizibwera, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kupakia madebe kwenye gari. Mabega yale ya madebe! Alicheza namba nane, yule wa nyuma kabisa ya skramu, anayeuokota mpira na kukimbia nao kifua mbele. Kanisani aliimba besi, nje ya kanisa alitania kila mtu. Alikuwa ameshapita miaka thelathini. Mara ya kwanza alipoitwa kwa majaribio ya taifa, aliteguka bega. Mara ya pili, ziara yenyewe ilifutwa. Aliwahi kuniambia, bila utani safari hiyo, "Mwalimu, miye nimetembea kwa miguu nchi mingi sana kwa kukimbia. Nataka mara moja tu niende fasi ya mbali kwa sababu wameniita."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Linanikaa hata sasa.

Sasa, mwaka ninaousema, miaka kumi hivi baada ya sisi kufika, timu ya taifa ilikuwa inajiandaa kwa ziara ya ng'ambo. Sheria ya mchezo ilimruhusu mtu aliyekaa nchini muda wa kutosha kuichezea, hata kama ni mkimbizi, na hati za safari zilikuwa zimeshafuatiliwa. Nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, ya mtu wa nyuma au wa pembeni mwa skramu. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ssali, akaamua nafasi hiyo itoke upande wetu wa magharibi. Akaja Mbarara mwenyewe. Bwana Ssali alikuwa Mganda mpole, aliyechezea taifa ujanani, goti moja halikunji vizuri. Kamati siku hiyo ilikuwa yeye, Opio na mimi. Timu ya mjini icheze na timu ya Nakivale, asubuhi, kwenye uwanja ulio jirani na Makenke, tuone.

Watu wa Nakivale walikuja wengi. Akina mama walikaa upande wao kwenye majani na vitenge vyao. Mama Zawadi alikuwa amewatangulia, maana chakula cha mchana alikuwa anakipika yeye.

Mchezo ukaanza. Byamungu aliangusha wa kwanza, akaangusha wa pili, akaangusha wa tatu. Bwana Ssali akaanza kutabasamu. Kisha Wilondja akauokota mpira nyuma ya skramu, akaja moja kwa moja kuelekea kwa Byamungu. Nikajisogeza mbele kwenye kiti. Hapa sasa!

Byamungu akasimama. Akasogea hatua pembeni. Akainamisha kichwa. Akampisha.

Ndiyo, akampisha! Wilondja akapita, akaenda kuuweka mpira chini nyuma ya mstari, trai safi, hakuna aliyemgusa.

Nikasema labda jua limemwingia machoni. Baada ya muda Wilondja akaja tena. Byamungu akasogea tena, mikono imetulia mbele ya tumbo, macho chini. Na safari ya tatu vile vile. Wengine wote aliwaangusha. Wilondja akimfikia, njia inafunguka.

"Hii kijana iko na mguu," Opio akasema, sauti nzito, "lakini moyo hapana iko. Nachagua mtu ya kukamata. Ndogo anakamata, kubwa anaogopa."

"Banange," Bwana Ssali akashangaa kwa Kiganda chake, "mtu wa pembeni anayepisha! Sijaona."

Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilimjua Byamungu. Nilikuwa nimemwona akimwangusha askari aliyeweza kumbeba yeye na mimi pamoja. Uoga hana. Sasa ni nini? Ameumwa? Amelogwa? Ndipo nikasikia jambo la ajabu. Akina mama wa Nakivale, kila Byamungu alipompisha Wilondja, walikuwa wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja akapiga makofi kidogo. Nikasikia wazi kabisa: "Ule mutoto amelelewa muzuri."

Amelelewa? Kijana anatupwa nje ya timu ya taifa, nao wanasifu malezi!

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilienda moja kwa moja kwa mke wangu kwenye masufuria.

"Mama Zawadi, mbona mnamsifu Byamungu? Hamuoni anaharibu?"

Aliniangalia kama anavyoniangalia nikiuliza chumvi iko wapi, nayo iko mbele yangu.

"Kwani wee hujui? Juma lililopita bazazi ba Byamungu bamekwenda kubisha hodi kwa ajili ya Faida. Bamekubaliwa."

Faida! Kumbe wazazi wa Byamungu walikuwa wameshakwenda kuposa.

Ngoja niwaeleze, maana nyinyi wa siku hizi mnakutana kwenye simu na kuoana kwenye simu. Faida alikuwa mtoto wa kaka yake Wilondja. Kaka huyo na mkewe hawakufika Uganda. Wilondja, akiwa yeye mwenyewe kijana bado, alimbeba mtoto yule mgongoni akavuka naye, akamlea. Kwa hiyo kwetu Wilondja ndiye baba yake, hata kama uso bado wa ujana. Byamungu alizidiwa naye miaka michache tu, lakini miaka si hoja. Ameshaposa, yule ni baba mkwe.

Na kwetu, aliyeposa hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hamtaji jina, hali naye sahani moja. Wakikutana njiani, kijana anashuka pembeni, anainamisha kichwa, anangoja baba apite. Hivyo hivyo, siku zote, mpaka baba mwenyewe atakapomwita wale pamoja. Hapo ndipo mambo yanafunguka. Nayo huwa ni baada ya harusi, mara nyingine baada ya mtoto wa kwanza.

Nilimfuata Byamungu alipokuwa amekaa peke yake.

"Ni kwa sababu ya Faida?"

"Njo, Mwalimu," akakubali, anachimba majani kwa kidole. "Nilifikiri uwanjani nitasahau. Nikimuona anakuja, mwili unajipisha wenyewe."

"Unajua nafasi inakwenda?"

"Najua." Akang'oa jani jingine. "Nikimwangusha chini mbele ya bamama bote, nani atanipa Faida? Na hata wakinipa, miye nitamwangalia namna gani?"

Nikarudi kwa wenzangu, nikawaeleza yote. Mnajua walifanya nini? Walicheka! Bwana Ssali alishika goti lake bovu, machozi yakamtoka. Opio naye, mtu ambaye sikuwahi kumwona akionyesha meno, alitikisika kiti kizima. Halafu akaacha ghafla.

"Mimi," akasema, "mama mkwe yangu, miaka yote hapana ona uso yake. Siku moja yeye anakuja nyumbani, mimi naingia kwa shamba ya mtama, nakaa huko mpaka jua inashuka. Na mimi sajini." Akafuta uso. "Kale, sawa. Hii kijana hapana mwoga."

"Nakubali si mwoga," Bwana Ssali akasema. "Lakini Mwalimu, tunachagua tulichokiona au tunachoambiwa? Wilondja tumemwona. Ametuwekea trai tatu."

"Amezipata kwa sababu njia ilikuwa wazi!" nikasema. Nadhani nilipaza sauti.

"Inawezekana. Inawezekana pia angezipata hata njia ingefungwa. Wewe unajua?"

Nilikuwa sijui. Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipoanza, nao ulikuwa wa haki, msidhani ni wa hila. Opio alisema ng'ambo kuna watu wakubwa, tunahitaji mtu wa kuangusha. Bwana Ssali alisema Wilondja amesubiri, ana uzoefu, na mtu wa umri ule hutuliza vijana safarini. Mimi nilisema Byamungu ana miaka mingi mbele yake ya kulitumikia taifa. Bwana Ssali akaniuliza, "Na Wilondja je, anayo mingine?" Niliwapenda wote wawili, vijana wangu. Hilo ndilo jambo hakuna anayewaambia mkiingia kwenye kamati: siku nyingi huchagui kati ya mzuri na mbaya. Unachagua kati ya watu wawili unaowapenda, na mmoja atarudi nyumbani.

Mwishoni Bwana Ssali akasema, "Baada ya chakula wacheze kipindi kingine kifupi. Nitakachoona hapo ndicho nitakachokipigia kura."

"Atampisha tena," nikasema. "Mtu mmoja tu anaweza kumfungua."

Tukatazamana. Kila mmoja alielewa. Anayeweza kumfungua Byamungu ni Wilondja, na Wilondja akinyamaza tu, akala chakula chake vizuri, ndege ni yake.

"Basi nani atamwambia?" Opio akauliza. Wote wawili wakaniangalia mimi. Siku za shida ndipo wanakumbuka kwamba mimi ni Mkongomani.

Wilondja nilimkuta bombani, ananawa uso, anaimba. Nilimwambia yote bila kuzungusha, jambo ambalo mke wangu hataamini. Kwamba nafasi ni moja. Kwamba mpaka sasa iko kwake. Kwamba kijana anampisha kwa heshima, na kamati imejua.

Aliacha kuimba. Maji yakaendelea kumwagika, hakufunga bomba.

"Nilijua ananipisha," akasema mwishowe. "Nilifikiri ni juu ya miye kukimbia muzuri pia." Akacheka kidogo, cheko lisilo na nguvu. "Nafasi ni moja kweli, Mwalimu?"

"Ni moja."

"Unaniomba nini?"

"Sikuombi kitu, ndugu yangu. Haki ya Mungu, sikuombi. Ukinyamaza hakuna atakayekulaumu, hata mimi. Nimeona tu si vizuri wewe usijue."

Alifunga bomba. Akajipangusa uso kwa jezi, taratibu sana, akakaa na uso ule ndani ya jezi kwa muda. Mimi nilitamani niwe popote pengine, hata ndani ya ule mtama wa Opio.

Halafu akaenda kwenye chakula.

Mama Zawadi alikuwa anagawa bugali na samaki. Wilondja akachukua sahani moja kubwa, akaijaza, akaenda kukaa kwenye majani katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna asiyeona. Akaita kwa ile sauti yake ya besi:

"Byamungu! Kuja kula."

Akina mama waliokuwa wanakula waliacha mikono hewani.

Byamungu alisimama, akabaki pale pale. "Papa, siwezi. Haijafika wakati."

"Miye njo naita. Wakati ni wangu. Kuja, samaki inapoa."

Byamungu akaja anainama. Akapiga magoti mbali kidogo. Wilondja akamega tonge, akalichovya, akalisukuma sahanini upande wa kijana. Byamungu akalichukua. Alipolimeza tu, akina mama walipiga vigelegele mpaka askari wa Makenke waliokuwa nje ya uzio wakaja kuangalia kuna nini. Mama Zawadi alikuwa analia, mwiko mkononi. Bwana Ssali aliniuliza, "Ni harusi?" Nikamwambia karibu.

Walipomaliza, Wilondja alimshika bega. Alimgusa yeye kwanza, waziwazi. Nilikuwa karibu, nikasikia alichosema.

"Saa hii unisikilize. Nitakuja na nguvu yangu yote, sitakuhurumia. Na wewe usinihurumie. Ukinipisha tena, Faida hatatoka nyumbani kwangu."

Kipindi kikaanza. Nataka mwamini jambo hili kuliko yote niliyowasimulia: Wilondja hakucheza kwa kujilegeza. Angejilegeza, Opio angeona mara moja, na kura ingekwenda kwingine. Alikuja kwa kasi kuliko asubuhi. Aliuokota mpira, akashusha bega lile la madebe, akamwendea Byamungu kifua kwa kifua. Nikaona mguu wa kijana unataka kwenda pembeni. Ulishaanza! Wilondja akapiga kelele akiwa mbioni:

"Kamata!"

Byamungu akaingia chini. Shavu nyuma ya paja, mikono ikafunga. Wakaanguka wote wawili kwa kishindo nilichokisikia kwenye kiti changu. Na kutoka chini ya vumbi ikatoka sauti nyembamba: "Unisamehe, papa."

"Nyamaza, cheza!"

Akaja mara ya pili. Akaangushwa. "Unisamehe, papa." Akaja kwa kuzunguka upande mwingine, akajaribu kumsukuma kwa mkono, akajaribu kila alilolijua katika miaka yake yote ya mchezo. Akaangushwa. Sasa hata wachezaji wenyewe walikuwa wanacheka, na Byamungu bado anaomba msamaha kila akimtia chini. Nilimsikia Opio akisema polepole, "Hii iko mtu." Alikuwa amesimama. Sikuwa nimemwona akisimama kwa ajili ya mchezaji yeyote.

Safari ya mwisho Wilondja hakuinuka haraka. Alilala chali, pumzi imemkimbia, anatazama juu. Byamungu akapiga magoti pembeni yake, ameshika kichwa, uso umemharibika kwa hofu. Wilondja akamwashiria kwa kidole aende: mpira uko kule. Kijana akamtazama, akautazama mpira, akaondoka mbio.

Kura haikuchukua muda. Bwana Ssali aliuliza, mikono mitatu ikapanda. Wangu ulipanda, lakini macho yangu yalikuwa kwa Wilondja, na Opio alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti ili asinitazame. Byamungu akaitwa, akaambiwa anakwenda ng'ambo. Akasema asante kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Halafu wenzake wakambeba juu juu, wakaondoka naye.

Wilondja alikuja kwetu baadaye, anatembea ameshika mbavu. Bwana Ssali aliinuka kwa goti lake bovu kumpokea. Alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumficha.

"Nafasi ilikuwa yako asubuhi," akamwambia. "Ulijua?"

"Nilijua, mzee. Mwalimu aliniambia."

"Na ukamfungulia?"

Wilondja alitafuta pumzi kwanza. Macho yalikuwa mekundu, na sitawadanganya kwamba ni vumbi. Alikuwa anaitaka safari ile. Aliitaka mpaka mwisho.

"Faida nilimubeba hapa," akasema, akagusa mgongo wake. "Usiku na mchana, mpaka tukafika. Tangu amekuwa mukubwa, kila kijana akija kubisha hodi najiuliza jambo moja tu. Siku miye sipo, na kitu kibaya kikija mbio juu yake, huyu atasimama ao atakipisha?" Akatazama kule walikokuwa wanamrusha Byamungu juu. "Asubuhi aliniogopesha sana, mzee. Saa hii naweza kulala."

Opio alisimama wima, visigino pamoja, akampigia saluti, yeye sajini kwa mpakia maziwa, na Wilondja hakujua afanye nini, akacheka, cheko likamuuma mbavu. Akaniomba nimshike mkono tupande naye ngazi za kutokea uwanjani, maana peke yake hakuweza.